Kubadili sauti za kinanda kwa mguu huku mikono ikibaki kwenye vibonye: mwongozo kamili

Mkono wa mpiga kinanda ukiondoka kwenye vibonye katikati ya kiitikio ili kugusa kompyuta inayotoa sauti, wa kwanza kulisikia pengo ni waimbaji. Soprano wanakosa noti ya kuegemea, besi wanalegeza mwendo, mwalimu wa kwaya anageuza shingo. Wasikilizaji huenda wasijue kilichotokea, lakini wimbo umeshapoa. Mwongozo huu unahusu kuliziba pengo hilo: utoke piano uende stringi (sauti za ala za nyuzi kama fidla), utoke ogani uende tarumbeta, na kusiwe na kidole kilichoacha kazi yake.

Nimeuandika nikiwafikiria wapigaji wa kwetu kusini mwa Tanzania. Yupo anayepiga ibada ya Jumapili Masasi au misa Ndanda, yupo anayepiga harusi Mikindani baada ya korosho kuuzwa, yupo anayesafiri na bendi hadi Newala, Ruangwa au Kilwa, na akifika huko hana wa kumwazima waya. Mazingira hayo yanabadilisha ushauri, na ndiyo sababu baadhi ya ninayoyasema hapa yanatofautiana na yale utakayoyasikia kwa wapigaji wa majukwaa makubwa ya Ulaya.

Amua kwanza mguu utafanya kazi gani

Sauti hubadilishwa nyakati mbili. Kuna kubadili kati ya wimbo na wimbo, na kuna kubadili ndani ya wimbo wenyewe. Kati ya wimbo na wimbo mikono yako iko huru: msomaji anapanda kusoma, mshereheshaji anatambulisha wazazi, watu wanapiga vigelegele. Hapo gusa kompyuta utakavyo. Mguu unahitajika ndani ya wimbo tu.

Wapigaji wengi hupanga sauti zote za siku kwenye mstari mmoja mrefu na kutumia pedali moja ya “mbele”. Kila ukikanyaga, unasogea hatua moja. Mpango huo unafaa pale ambapo ratiba haibadiliki. Kwetu ratiba hubadilika. Wimbo wa sadaka unaweza kuachwa kwa sababu muda umekwisha. Bibi harusi anaweza kufika mlangoni kabla hujamaliza wimbo wa mashangazi. Mwalimu wa kwaya akiona watu wamesimama na kucheza, atarudia kiitikio mara nne badala ya mbili. Ukiwa kwenye mstari mmoja, badiliko moja lisilotarajiwa linakutupa nje ya mpango wote.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: wimbo uchague kwa mkono, sehemu za wimbo zibadilishe kwa mguu, na uwe na pedali mbili za kubadilishia. Ya kushoto iwe ubeti. Ya kulia iwe kiitikio. Iwe hivyo kwa kila wimbo, mwaka mzima.

Usiifanye pedali moja iwe ya kuwasha na kuzima. Pedali ya namna hiyo inakulazimisha ukumbuke ulipo. Mguu ukiteleza ukakanyaga mara mbili, ubeti wote utapigwa kwa tarumbeta. Lakini pedali ya kulia ikiwa maana yake ni “kiitikio” siku zote, uikanyage mara moja au mara tatu, utakuwa kwenye kiitikio. Mwalimu akirudia mara nne, hakuna unachohesabu. Akiruka ubeti, hakuna kilichoharibika. Yote yanayofuata yamejengwa juu ya uamuzi huu.

Vifaa

Unahitaji kinanda chenye tundu la USB au la MIDI (lugha ambayo vifaa vya muziki hutumiana amri), kompyuta, kadi ya sauti ya nje (kifaa kinachotoa sauti ya kompyuta kwenda kwenye spika), pedali ya kushikilia sauti kwa mguu wa kulia, na pedali mbili za kubadilishia kwa mguu wa kushoto. Pedali ya ekspresheni, ile inayopanda na kushuka taratibu kama ya gari, ni nyongeza nzuri lakini inaweza kusubiri.

Pedali za kubadilishia zinapatikana kwa njia kadhaa.

Njia ya kwanza ni ubao wa pedali wa MIDI. Behringer FCB1010 ndio uliozoeleka zaidi: una swichi kumi za kupanga utakavyo na pedali mbili za ekspresheni. Ni mzito na ni mrefu, na hauna USB, hivyo utahitaji waya wa kugeuza MIDI kuwa USB. Kwa kazi yetu swichi kumi ni nyingi mno. Ukiwa nao tayari, tumia mbili na uziache nyingine bila amri yoyote, ili mguu ukikosea pasitokee kitu.

Njia ya pili ni pedali za Bluetooth za kufungulia kurasa, wanazotumia wanamuziki wanaosoma nota kwenye tableti. Nyingi huwa na pedali mbili kamili, na kompyuta huziona kama vibonye vya kibodi ya kuandikia: mshale wa kushoto na mshale wa kulia. Programu ya muziki isipopokea vibonye vya kuandikia, tumia programu ya kutafsiri kama Bome MIDI Translator. Angalizo moja: kwa kawaida vibonye hivyo huenda kwenye dirisha lililo mbele. Taarifa ya ujumbe mpya ikichomoza juu ya skrini, pedali yako inaweza kuwa inazungumza na dirisha lisilohusika. Zima taarifa zote kabla ya kuanza.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa mpigaji asiye na bajeti, kwa sababu inafanyika hapahapa. Tafuta kibodi kuukuu ya kompyuta ya USB. Fundi redio yeyote mwenye mkono mtulivu ataifungua na kutoa kile kibao kidogo cha elektroniki kilicho ndani. Chomeka kibao hicho kwenye kompyuta, fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, kisha gusisha nukta mbili za kibao kwa kipande cha waya. Herufi itatokea kwenye skrini. Tafuta jozi mbili za nukta zinazotoa herufi mbili tofauti, kila jozi ikiwa na nukta zake yenyewe. Kwenye kila jozi fundi achomelee nyaya mbili ziende kwenye tundu la jeki la milimita 6.35, ndipo utachomeka pedali mbili za kawaida za kushikilia sauti. Chagua pedali ambazo huunganisha zikikanyagwa, kwa kuwa kuna nyingine hufanya kinyume: huunganisha zikiachwa. Zenye kiswichi cha kugeuza pembeni, kama M-Audio SP-2, hazina tatizo hilo. Angalizo la dirisha lililo mbele linahusu kifaa hiki pia.

Fundi anayejua kuandika programu anaweza kutumia kibao cha Arduino chenye chipu ya ATmega32U4, kama Leonardo au Pro Micro. Chipu hiyo inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kifaa cha MIDI moja kwa moja, bila kupitia vibonye vya kuandikia.

Kama huna pedali yoyote ya ziada leo, bado kuna la kufanya. Kinanda cha vibonye 88 kina vibonye vya chini kabisa ambavyo nyimbo za kwaya hazivifikii. Kile cha mwisho kushoto ni noti namba 21 kwa hesabu ya MIDI, na kinachofuata ni 22. Vipange viwe swichi badala ya noti. Mkono wa kushoto utakigusa kimoja ukiwa njiani, na hutaangalia pembeni. Hilo halishindi mguu, lakini linashinda skrini kwa mbali.

Kompyuta na ucheleweshaji

Ala za kompyuta zinazotumia rekodi halisi za piano na stringi hula kumbukumbu. GB 8 za RAM zinatosha ukichagua kwa busara, na diski ya SSD ni lazima, maana diski ya kuzunguka huchelewa kuleta sauti na huumia ikitikiswa barabarani.

Ucheleweshaji ni muda kati ya kidole kugusa na spika kulia. Unaupanga kwenye bafa ya kadi ya sauti, yaani fungu dogo la sauti ambalo kompyuta huliandaa kabla ya kulitoa. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 ni karibu milisekunde 2.9, ya 256 ni 5.8, ya 512 ni 11.6. Mzunguko mzima huongeza kidogo juu ya hapo. Anza na 256. Ukisikia mikwaruzo na mikatiko, panda. Kompyuta ikiwa tulivu, shuka hadi 128. Kumbuka pia kwamba sauti husafiri angani mita moja kwa karibu milisekunde 3. Ukikaa mita tatu kutoka kwenye spika, umejiongezea 9 hivi, hivyo mara nyingi kusogeza kiti ni dawa bora kuliko kuihangaisha kompyuta.

Kwenye Windows tumia dereva ya ASIO (programu ya kuendeshea kadi) iliyokuja na kadi yako ya sauti. Weka mpango wa umeme wa utendaji wa juu, zuia Windows kuzima matundu ya USB ili kuokoa betri, simamisha masasisho, zima Wi-Fi. Antivirusi isikague diski wakati wa ibada.

Kuunganisha na kukagua

1. Chomeka kila kitu kinanda kikiwa kimezimwa, usiguse pedali yoyote, kisha washa. Vinanda vingi husoma hali ya pedali vinapowaka. Pedali ikiwa imekanyagwa wakati huo, itafanya kazi kinyume siku nzima.

2. Kama kinanda chako kina sauti zake, mfano Yamaha za PSR, tafuta kwenye menyu neno “Local” na uliweke “Off”. Usipofanya hivyo, piano ya ndani italia pamoja na ala ya kompyuta.

3. Fungua kwenye programu yako ya muziki (mifano iko hapa chini) dirisha la kuonyesha ujumbe wa MIDI unaoingia. Kanyaga pedali ya kushikilia. Utaona CC 64 (CC ni ujumbe wa MIDI wa kudhibiti, na namba hutaja kinachodhibitiwa) yenye thamani 127 ukikanyaga na 0 ukiachia. Kwa CC 64, thamani 0 hadi 63 ni “imeachiwa” na 64 hadi 127 ni “imekanyagwa”.

4. Zipe pedali za kubadilishia namba ambazo hazina kazi nyingine. Mimi hupendelea CC 80 kwa ubeti na CC 81 kwa kiitikio. Epuka 64, epuka 7 na 11 za ukubwa wa sauti, epuka 1 ya gurudumu la kutetemesha.

5. Hakikisha programu inatii kukanyaga tu, na kuachia inakupuuza. Hapa ndipo wengi hukwama: wakikanyaga inabadilika, wakiinua mguu inabadilika tena. Weka sharti kwamba amri ifanye kazi thamani ikizidi 63 peke yake.

Ukitumia namba za programu, yaani ujumbe wa PC (Program Change) unaoita sauti kwa namba yake, badala ya CC, jihadhari na hesabu. MIDI ina programu 128, nazo huhesabiwa 0 hadi 127, lakini vifaa vingine huandika 1 hadi 128 kwenye skrini zake. Ukiona pedali inakupeleka kila mara kwenye sauti ya jirani, sababu ni hiyo. Ongeza au punguza moja.

Programu ya kubeba ala

Kwa Mac kuna MainStage ya Apple. Gig Performer hufanya kazi kwenye Windows na Mac. Cantabile ni chaguo kongwe la Windows. Reaper na Ableton Live ni za kurekodia kwanza, lakini watu hupiga nazo jukwaani. Wazo ni lilelile kila mahali, majina tu ndiyo hutofautiana. MainStage ina Concert, ndani yake Set, na ndani ya Set kuna Patch. Gig Performer ina Rackspace, na ndani yake Variation. Cantabile ina Song na State. Chukua kile kikubwa kiwe wimbo, kile kidogo kiwe ubeti au kiitikio, kisha zielekeze pedali mbili kwenye hivyo vidogo.

Ukiwa bado unatafuta ala, programu ya sforzando ya Plogue ni ya bure na husoma sauti za SFZ. Faili ya SFZ ni maandishi ya kawaida yanayoelekeza kwenye rekodi, kwa hiyo unaweza kujitengenezea. Nawasihi wapigaji wa Mtwara mlifikirie hilo kwa uzito. Ngoma za sindimba huzikuti kwenye maktaba za sauti zinazouzwa, na wanaozipiga mnaishi nao. Ombeni ruhusa, rekodini pigo mojamoja mahali palipotulia, kwa nguvu tatu au nne tofauti, na mtakuwa na sauti yenu ya kweli.

Kujenga wimbo mmoja

Tuchukue wimbo wa kwaya wa kawaida: ubeti wa taratibu, kiitikio kikubwa, na mwisho wa kuchangamka.

Anza kwa kupakia ala zote za wimbo mahali pamoja: piano, stringi, ogani, tarumbeta. Zote ziwe hai tangu mwanzo. Kosa la gharama kubwa ni kuiagiza programu ipakie ala pedali inapokanyagwa, kwa sababu kupakia huchukua sekunde, na sekunde mbili za ukimya kanisani ni ndefu. Kama RAM haitoshi, punguza idadi ya ala. Piano moja nzuri itumike kwa nyimbo zote, wala usipakie piano sita zinazokaribiana. Gig Performer ina njia ya kupakia nyimbo za karibu tu na kuziacha za mbali, nayo husaidia kompyuta ndogo.

Sasa tengeneza hali ya ubeti: piano inapokea noti, nyingine tatu hazipokei. Kisha hali ya kiitikio: piano, stringi na ogani zinapokea. Zingatia neno “kupokea”. Zuia noti zisiingie kwenye ala. Usikate sauti isitoke. Ukikata sauti inayotoka, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya mwisho ya stringi inakufa ghafla, na kila mtu anasikia. Ukizuia noti zinazoingia, kodi iliyokwisha kupigwa inaendelea kufifia kwa mwendo wake huku kodi mpya ikija na sauti mpya.

Hilo nalo lina mtego. Ala ya zamani lazima ipate habari kwamba umeinua vidole na pedali ya kushikilia, vinginevyo itaimba milele. Programu za jukwaani hulishughulikia hilo. MainStage na Cantabile huacha sauti ya zamani imalizike, na Gig Performer ina mpangilio wa sekunde ngapi mkia wa sauti ya zamani udumu unapotoka Rackspace moja kwenda nyingine. Lakini usiamini kabla ya kujaribu. Piga kodi kubwa, kanyaga pedali ya kushikilia, kanyaga kiitikio, achia vidole, achia pedali. Sauti ikibaki inalia, mpangilio wako una tatizo. Rudia kwa mfuatano mwingine: vidole kwanza, kisha pedali ya kubadilishia. Jaribu jozi zote. Weka pia kitufe cha dharura kwenye kinanda kinachotuma CC 120, ambayo hunyamazisha sauti zote papo hapo, na CC 123, ambayo huachia noti zote.

Sehemu ya tatu, ule mwisho wa kuchangamka, usiiongezee pedali. Itoe kwenye vidole. Weka tarumbeta ndani ya hali ya kiitikio, lakini iitike tu pale nguvu ya pigo inapozidi 110 kati ya 127. Ukicheza kawaida haipo. Ukipiga kodi kwa nguvu, inaruka. Kinanda kila kimoja kina uzito wake, kwa hiyo tafuta namba yako kati ya 100 na 118 kwa kupiga wimbo wenyewe, kwani vidole vikiwa na joto hupiga kwa nguvu zaidi kuliko nyumbani.

Kugawa kinanda, yaani upande wa kushoto uwe na sauti moja na wa kulia nyingine, kunafaa pale wimbo una mwongozo wa filimbi au akodiani juu ya kodi, kama ilivyo katika harusi nyingi za pwani. Chagua mpaka ambao melodia haiuvuki, na ukague kwa kuimba melodia yote kwenye vibonye, siyo kwa kukisia.

Pedali ya ekspresheni

Ukiipata, ipe kazi moja: kuongeza stringi juu ya piano. Kisigino chini, piano peke yake. Vidole vya mguu chini, stringi kamili. Piano isishuke hata kidogo. Wengi hutaka kuhama kabisa kutoka piano hadi stringi, lakini waimbaji wanaifuata piano kwa sababu pigo lake linasikika wazi. Ukiiondoa, mwendo unayumba.

Pedali hutuma CC 11, kuanzia 0 hadi 127. Kabla ya kununua, fahamu kwamba nyaya za ndani hazifanani kwa watengenezaji wote: Yamaha FC7 na Roland EV-5 zimepangwa tofauti. Ukichomeka ya mmoja kwenye kinanda cha mwingine inaweza kuruka kutoka sifuri hadi juu badala ya kupanda taratibu. Nunua yenye kiswichi cha kugeuza mpangilio, au uijaribu dukani na kinanda chako mwenyewe.

Usawa wa sauti

Sauti mbili zinazolingana kwenye hedifoni hazilingani ukumbini. Stringi zina masafa ya kati yanayogongana na sauti za waimbaji, na ogani ina besi inayotikisa bati. Fanya usawa kupitia spika halisi, kwaya ikiimba, na mtu unayemwamini akiwa amesimama katikati ya watu. Panga kila hali ili vilele vyake vifike karibu desibeli (dB) 12 chini ya kikomo, ndipo kiitikio kipate nafasi ya kukua bila kupasuka.

Kumbi zetu nyingi hutumia mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) iliyofungwa kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiwa sauti moja. Piano iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili zilizo mbalimbali inaweza kusikika tupu na nyembamba pande mbili zikichanganywa. Bonyeza mono kwenye programu yako ukiwa nyumbani, usikilize. Ikidhoofika, tumia upande mmoja tu, au tafuta piano nyingine.

Kuufundisha mguu

Wapi hasa ukanyage? Si kwenye pigo la kwanza la kiitikio. Hapo umeshachelewa, kwa sababu noti zilizopigwa kabla ya amri zitabaki na sauti ya zamani. Kanyaga baada ya kupiga kodi ya mwisho ya ubeti, wakati waimbaji wanavuta pumzi. Kodi hiyo tayari imelia kwa piano na itabaki ya piano. Inayofuata itakuja na sauti mpya. Karatasi yako ya solfa iwekee alama ya duara jekundu juu ya silabi ya mwisho ya ubeti, wala isiwe juu ya neno la kwanza la kiitikio. Jicho likiliona duara, mguu una muda.

Fanya mazoezi bila sauti kwanza: imba wimbo kwa mdomo, kanyaga tu. Mguu ukizoea, ongeza mkono wa kushoto, halafu wa kulia. Kisha mwombe mwalimu wa kwaya akuvuruge kwa makusudi, arudie kiitikio asipotarajiwa, aruke ubeti wa pili. Ukiona hilo halikuhangaishi tena, uko tayari kwa ibada.

Vaa nguo za siku yenyewe unapofanya mazoezi. Joho la kwaya, kanzu na gauni refu hufunika pedali na huweza kunaswa. Soli nene haihisi swichi. Wapo wanaovua viatu, na ni uamuzi mzuri ukiwa na swichi kubwa za mviringo au bapa.

Ubao, mchanga, joto, umeme

Seremala akukatie ubao wa sentimita 60 kwa 30. Funga pedali juu yake kwa mkanda wa kunata wa vitambaa au skrubu, ukiziachanisha za kubadilishia angalau sentimita 12. Chini bandika kipande cha tairi la ndani ili usiteleze kwenye sakafu ya vigae. Kwenye shughuli za uani, ambako turubai limefungwa juu ya mchanga, ubao huo ndio unaozuia pedali kuzama. Nyaya zipitie nyuma ya kinanda na zifungwe kwenye mguu wa stendi, kwani watoto na wanaokuja kutuza fedha watapita hapo.

Kompyuta isikae juani hata kwa nusu saa. Ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na utasikia mikwaruzo ambayo haikuwepo asubuhi. Ipandishe juu ya vipande viwili vya mbao ipate hewa chini. Hewa ya bahari ina chumvi, hivyo futa jeki na plagi za USB kwa kitambaa kikavu mara kwa mara na uhifadhi vifaa kwenye mfuko uliofungwa.

Umeme ukikatika, kompyuta ina betri lakini kadi ya sauti na mikisa huenda hazina. Kadi inayokula umeme wa USB itaendelea kuishi pamoja na kompyuta, na ndiyo sababu naipendekeza kuliko ile ya adapta. Kinanda kinachotumia adapta kitazima kwa kukatika kwa nusu sekunde tu, na kikirudi kitakuwa kimesahau “Local Off”. UPS (betri ya akiba) ndogo ya kompyuta, ukiiwekea kinanda na mikisa peke yake, inaupita mpito kati ya TANESCO na jenereta.

Chaja ya kompyuta ikileta mvumo kwenye spika, weka kisanduku cha DI chenye swichi ya kutenganisha ardhi kati ya kadi ya sauti na mikisa. Usikate wala kung'oa pini ya ardhi ya plagi kwa sababu yoyote ile. Pini hiyo inalinda maisha yako na ya mwimbaji aliyeshika maikrofoni.

Siku ya shughuli

Fika mapema, washa kompyuta, fungua kila wimbo na upige kodi moja kwenye kila hali ili sauti zipakiwe zote kutoka kwenye diski. Kagua pedali tatu kwenye dirisha la MIDI. Piga jaribio la mkia lile nililolieleza. Chaji ya pedali ya Bluetooth iangaliwe usiku wa jana yake.

Mwisho, kinanda chenyewe kiwe na waya wake wa pili kuingia kwenye mikisa, chaneli ikiwa imeshushwa. Andika mahali wazi jinsi ya kurudisha “Local On”. Kompyuta ikigoma, unarudisha sauti za ndani, fundi mitambo anapandisha chaneli, na kwaya inaendelea kwa piano ya kawaida hadi wimbo uishe. Wenye Yamaha za PSR-S na PSR-SX wana akiba bora zaidi: hifadhi ubeti na kiitikio kwenye Registration (kumbukumbu ya mpangilio wa sauti) mbili, kisha pedali ya kinanda ipewe kazi ya kusogeza Registration, na mguu utaendelea na kazi yake hata kompyuta ikiwa imezimwa.